Thamani ya Mchanga Uliokwisha Kukamuliwa

Nilipoanza kazi ya maabara huko Alberta, Kanada, mchanga uliokwisha kukamuliwa mafuta haukuwa na mwenyewe. Macho yote yalikuwa kwenye lami, yaani mafuta mazito yaliyomo mchangani. Kaskazini mwa Fort McMurray, kando ya mto Athabasca, uchimbaji mkubwa ulianza 1967: mchanga huoshwa kwa maji ya moto, lami hupanda juu pamoja na povu, kisha povu husafishwa, mara nyingi kwa nafta. Yanayobaki humwagwa kwenye mabwawa ya topesumu.

Kwetu Kwale, pwani ya Kenya, ilmenaiti na rutili (madini ya titaniamu) pamoja na zirkoni zilichimbwa kwa makusudi, tangu 2013 hadi mwisho wa 2024. Kule Alberta madini hayohayo yalikuwa yakitupwa, tena yakiwa yamekwisha kukusanywa: chembe zake hunata kwenye lami, hupanda na povu, na baada ya lami kuondolewa hubaki zimesongamana zaidi kuliko zilivyokuwa ardhini.

Mwanzoni tulipima jambo moja tu: kila tani ya mabaki ina titaniamu kiasi gani. Tulichoma mafuta, tukapitisha mchanga kwenye sumaku inayovuta ilmenaiti, kisha kwenye umeme, kwa kuwa rutili huupitisha na zirkoni haiupitishi. Tukaandika asilimia, tukafunga jalada.

Baadaye tukatambua kwamba asilimia peke yake haitoshi. Mchanga wenye zirkoni nyingi hauna faida ikiwa chembe zimevikwa utando wa lami usiotoka kwa gharama nafuu, maana utando huo huvuruga utenganishaji wote. Tena zirkoni hubeba uraniamu na thoriamu. Zikizidi, wanunuzi wa viwanda vya vigae huikataa. Titaniamu ikaacha kutawala hesabu. Zirkoni, iliyo ghali zaidi kwa tani, ikachukua nafasi ya mbele.

Badiliko kubwa lilikuja tulipoanza kuhesabu pia lami na nafta zinazotoka wakati wa kuosha madini. Nafta ikiachwa bwawani, vijidudu huila na kutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia. Kumbe kuosha mchanga kunaleta mauzo na papo hapo kunapunguza madhara.

Tangu hapo siikubali tathmini inayoishia kwenye bei ya madini. Bwawa la topesumu lina gharama ya miaka mingi, na jirani zake wa mtoni ndio wanaoibeba. Kila tani inayozuiwa isifike humo ina thamani, na thamani hiyo lazima iandikwe kwenye ripoti.