Ulikaa na Nani Kwenye Basi?



Wiki mbili zilizopita mwalimu wetu wa maadili alitufundisha vyanzo vitatu vya uadilifu wa tendo: jambo lenyewe linalotendwa, nia ya mtendaji, na mazingira ya tendo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inavitaja katika namba 1750. Alipomaliza, akataka kila mmoja wetu alete mfano kutoka maisha yake mwenyewe, si wa kitabuni. Mafrateri wenzangu wakaleta mifano ya kuchungulia mtihani, ya chenji iliyozidi dukani, ya rafiki aliyefichwa ukweli. Mimi nilinyamaza. Mfano nilikuwa nao tangu nikiwa na miaka 18, ila ulinishinda kuusema mbele ya darasa. Leo ninauandika.

Nyumbani kwetu ni Sikonge, kusini mwa Tabora. Ni nchi ya tumbaku, asali na mahindi, na mashamba yetu yanapakana na pori. Babu yangu alikuwa na gobore lenye leseni, aliloachiwa na baba yake. Kwa wasomaji wa mjini niseme kwamba gobore halipakiwi risasi kama bunduki za askari. Unalishindilia kwa mdomoni: baruti kwanza, kisha kizibo, kisha gololi. Nyuma unaweka fataki, kile kikofia kidogo cha shaba kinachotoa cheche nyundo ikikipiga. (Nasema fataki ya gobore, si yule fataki wa matangazo ya redio!) Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, gobore ni bomba tu la kuegemea.

Babu hakuwa mwindaji. Gobore lake lilikuwa la kufukuza nguruwe pori na nyani. Mara nyingi alipiga hewani, mlio ukatosha. Lakini mwaka ule baruti iliisha mwezi Januari, mahindi yakiwa yanakaribia kubeba. Tukaenda naye Tabora mjini, zaidi ya kilomita 70, tukakosa. Jamaa mmoja akatuambia tujaribu Dar es Salaam.

Babu alicheka. Akasema safari ya baruti si jambo geni kwa Wanyamwezi. Wazee wetu walibeba meno ya tembo mabegani kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, miezi kadhaa kwa miguu, wakarudi na nguo, shanga, nyaya za shaba na baruti. Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, asingekuwa Mirambo bila baruti iliyopanda kutoka pwani. “Wewe utakwenda kwa basi,” akaniambia, “siku moja tu. Usilalamike.”

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kupangiwa shule. Babu magoti yalikuwa yanamsumbua. Akanipa nauli ya kwenda na kurudi, ya chakula, na akiba kidogo ya dharura. Maagizo yake yalikuwa mafupi: “Nenda ukaulize tu. Ikiwepo, nitaenda mwenyewe na leseni yangu. Usinunue chochote.”

Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Nilifika usiku, nikalala kwa shangazi Manzese, kesho yake nikaenda kwenye duka la silaha nililoelekezwa. Muuzaji alikuwa mzee mpole. Akaniambia baruti ya gobore haijaingia kwa miezi mingi, na hata ingekuwepo asingeniuzia mimi. Lazima aje mwenye leseni, na karatasi zake. Nikamshukuru, nikatoka.

Hatua chache kutoka pale nikasikia mtu nyuma yangu: “Dogo, unatafuta chakula cha gobore la mzee?”

Sijui alijuaje. Labda alinisikia dukani, labda ndiyo kazi yake kukaa pale. Akanipeleka uchochoroni, akanionyesha makopo mawili yaliyokuwa ya maziwa ya unga, yamejaa baruti, na kiberiti kilichojaa fataki badala ya njiti. Bei ilikuwa ndani ya akiba yangu.

Nikapiga hesabu. Nikirudi mikono mitupu, nauli yote imepotea. Babu akija mwenyewe, ni nauli nyingine, magoti yake, siku tatu njiani, na pengine bado akose. Nguruwe hawasubiri. Nyumbani tulikuwa watu tisa tunaokula shamba lile. Nilijua kuna sheria. Ile Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshatusomea mkutanoni. Lakini nikajiambia kwamba gobore lina leseni, baruti ni ya gobore lile lile, na nia ni njema. Nikalipa. Nikayafunga makopo kwenye kanga kuukuu ya shangazi, nikayatia kwenye mfuko wa salfeti.

Saa kumi na mbili asubuhi basi likatoka Ubungo limejaa. Mfuko niliuweka chini, katikati ya miguu yangu. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mwenye mtoto wa kama miaka miwili, anakwenda Igunga. Tulipopita Morogoro akafungua kikapu, akanipa maandazi mawili na kipande cha muhogo. Nilipokataa akasema, “Kula mwanangu, safari haili peke yake.” Nikala.

Baada ya Dodoma konda akaja, akaukanyaga mfuko wangu kidogo. “Huu unaziba njia, niupeleke mbele pale juu ya injini.” Moyo ulinipasuka. Nikadakia, “Hapana kaka, ni dawa ya mahindi, ikipata joto inaharibika.” Akauacha. Yule mama aliposikia dawa, akatoa haraka chupa ya uji wa mtoto iliyokuwa imeegemea pale, akaifuta kwa kitenge. Kumbe aliogopa sumu! Akaomba nimshike mtoto kidogo ili apange vitu vyake vizuri. Mtoto akalala mapajani pangu. Miguu yake midogo ilikuwa inagusa mfuko.

Nilikaa vile mpaka Singida. Nilijua kilichomo ndani ya mfuko, yeye hakujua. Tulipoteremka mlima Sekenke nikaanza kusali Rozari, lakini niseme ukweli: nilikuwa namwomba Mama Maria polisi wasitusimamishe. Sikuwa namwombea mtoto.

Igunga yule mama akashuka. “Mungu akufikishe salama,” akaniambia, “na mahindi yenu yastawi.”

Nilifika nyumbani kesho yake mchana, nimejaa fahari. Babu alikuwa amekaa chini ya mwembe.

“Shikamoo Babu.”

“Marahaba. Umeuliza?”

Nikafungua kanga mbele yake. Akayatazama makopo kwa muda, hakuyagusa. Nilitegemea aulize bei, au risiti. Akaniuliza:

“Ulikaa na nani kwenye basi?”

Sikuelewa. Akarudia: “Nakuuliza, pembeni yako alikaa nani?”

Nikasema, mama mmoja na mtoto. Babu akavua kofia yake. Akauliza mtoto wa kike au wa kiume. Nikasema wa kike. Akauliza jina lake. Sikuwa nalijua. Hapo ndipo nilipoanza kulia, mtu mzima wa miaka 18, mbele ya bibi na wadogo zangu.

Babu hakunichapa wala hakunitukana. Aliyaweka makopo mbali na nyumba na mbali na moto, akamwita mtendaji wa kijiji, na kesho yake polisi wakaja kuyachukua. Babu aliwaambia kitu kimoja tu: “Vimeingia kwenye boma langu, na leseni ni yangu. Niandikeni mimi.” Niliposogea kusema ni mimi, akanitazama nikanyamaza. Lakini askari hakuwa mtoto. Aliniita pembeni, nikaeleza yote, akaandika maelezo. Nilishinda kituoni mpaka jioni, nikaachiwa kwa onyo kali. Gobore likachukuliwa kwa ukaguzi.

Nguruwe hawakusubiri ukaguzi. Babu akanijengea dungu katikati ya shamba, akanikabidhi debe bovu na kipande cha chuma. Kuanzia usiku ule nililinda mimi. Nilipiga debe mpaka kiganja kikafanya malengelenge. Bado walikula karibu nusu. Tulivuna magunia saba, mwaka uliotangulia tulivuna kumi na tano. Bibi alianza kupima unga kwa kikombe. Hakuna aliyenilaumu mezani, na hilo ndilo lilikuwa gumu kulibeba. Babu aliporudishiwa gobore lake mwezi Julai, hakuliweka hata wiki. Alilirudisha kituoni kwa hiari yake, akasema magoti yake na gobore vimezeeka pamoja. Najua haikuwa magoti peke yake.

Ndugu msomaji, ninaposoma falsafa sasa, naona jinsi hesabu yangu ya pale uchochoroni ilivyokuwa nadhifu. Nia ilikuwa njema, kwa kuwa nilitaka familia ile. Hata jambo lenyewe nililipaka rangi nikaliona kama kununua kitu cha kawaida kwa ajili ya chombo halali. Lakini katika hesabu ile nzima hakukuwa na basi. Abiria wote wale hawakuwa hata namba moja kwenye jumla yangu. Mtakatifu Thoma wa Akwino, anapochambua fadhila ya busara katika Summa, anaitaja sehemu yake moja iitwayo circumspectio, yaani kutazama pande zote. Niliposoma ukurasa ule niliona ile miguu midogo juu ya mfuko. Sehemu nyingine anaiita docilitas, utayari wa kufundishika. Nilikuwa nimepewa maagizo ya maneno machache na mzee aliyeijua baruti kwa miaka hamsini, nikayaona ni woga wa kizee.

Nimesoma pia historia ya barabara ile ya wazee wetu. Mwaka 1878 Wamisionari wa Afrika wa kwanza, wale tunaowaita White Fathers, walipanda kutoka Bagamoyo hadi Tabora kwa njia ile ile ya misafara. Injili na baruti zilitembea njia moja. Miaka kumi baadaye mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, alizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa, na mkutano wa Brussels wa 1889 hadi 1890 ukaweka mipaka ya kuingiza bunduki na baruti katika sehemu kubwa ya Afrika. Waliona kwamba silaha zilizopanda bara ndizo zilizowasaidia wateka watumwa. Magobore na baruti ya kawaida viliachiwa mlango mdogo, chini ya usimamizi. Sisemi kwamba mataifa yale yalikuwa na mioyo safi, maana wakati huo huo yalikuwa yanagawana nchi zetu. Nasema tu kwamba zamani zile kulikuwa na watu waliolitazama pipa la baruti wakauliza swali la Babu: pembeni yake wamekaa nani?

Katika Mwanzo 4, Kaini anapomwua ndugu yake, Mungu haanzi kwa kumuuliza ametumia silaha gani. Anamuuliza ndugu yake yuko wapi. Mimi sikumuua mtu, na wengine huniambia nijipe amani kwa sababu hakuna kilichotokea. Ni kweli, hakuna kilichotokea. Lakini hakikutokea kwa huruma ya Mungu, wala si kwa uangalifu wangu. Mimi nilikuwa nimeshakubali kitokee, ila sikutaka kulitazama hilo.

Nilipokwenda kuungama, padre alinipa malipizi ambayo sikuyategemea: niwaombee abiria wote wa basi lile, kiti kwa kiti. Nikamwambia siwajui. Akasema, “Basi anza na unaowakumbuka.” Nikaanza na yule mama, mtoto wake, konda, na mzee aliyesinzia kiti cha mbele na kofia ya baraghashia. Malipizi yale yalikuwa ya siku moja, ila sikuweza kuyaacha.

Babu alifariki mwaka nilioingia seminari. Kila likizo nikirudi nyumbani, siku ya kwanza ananijia na lile swali lake, kwa sababu njia ya kurudi ni basi lile lile na barabara ile ile. Siku hizi nikiingia kwenye basi namsalimia jirani yangu na kumuuliza jina. Si ujanja wa kichungaji. Naogopa tu kuulizwa tena nikose jibu.

Yule mtoto sasa atakuwa darasa la tatu au la nne, kama anasoma. Jina lake sijalijua hadi leo. Katika Sala ya Usiku namtaja hivyo hivyo: mtoto wa Igunga. Ewe unayesoma haya, nisaidie kumwombea.

Tumsifu Yesu Kristo.

Mwandishi ni frateri wa mwaka wa pili wa falsafa.