Chumba Changu cha Kuandikia Kina King'ora

Wenzetu waliokwisha kutoa vitabu hupenda kusimulia habari za meza zao za kuandikia. Mimi meza sina. Riwaya yangu, ambayo sasa iko sura ya saba, karibu yote nimeiandikia ndani ya Toyota Noah, kaunta buku mapajani na tochi ya simu nimeibana begani. Gari lenyewe si langu. Ni la bosi wangu, ambaye namwita Mjomba ingawa hatuna undugu. Anauza vipuri vya makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu.

Tunatoka Shinyanga mjini, tunapita Tinde na Isaka hadi Kahama, kisha tunashika njia ya Kakola kwenda Geita na Katoro. Mjomba akishuka kufuatilia madeni yake, mimi nabaki kulinda mzigo. Anaweza kupotea masaa matatu huko. Kwa kijana aliyeishia kidato cha nne, na anayelala chumba kimoja na wadogo zake watatu, masaa matatu ya kimya ni mali bwana!

Ila lazima milango ifungwe. Wachimbaji wadogo walikuwa wanachimba huku tangu zamani, lakini mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, watu walizidi kumiminika kutoka kila pembe. Geita ikawa mkoa mwaka 2012. Wengi wamekuja kutafuta riziki kwa jasho lao, na wachache wamekuja kutafuta jasho la wengine. Wewe unahangaika na neno la kumalizia sentensi, mwenzako amefungua mlango wa nyuma na boksi la beringi limekwenda.

Basi Mjomba alikuwa na mazoea yake. Akishapiga hatua tano anageuka, anabonyeza rimoti, tiit! Taa zinakonyeza. Yeye roho imetulia, kumbe mimi niliyebaki ndani nimeshageuzwa mwizi.

Fundi mmoja wa umeme wa magari pale Kahama ndiye aliyenifungua macho. Alisema kufunga milango ni jambo moja, na kutega alamu ni jambo lingine. Rimoti inafanya yote mawili kwa mpigo. Alamu ikishategwa inakaa macho. Inategemea swichi ndogo za milangoni, zilezile zinazowasha taa ya ndani. Nyingine zina kifaa cha kuhisi mtikisiko, na nyingine zinahisi hata kitu kinachojongea ndani ya gari. Kwa alamu, mlango ukifunguliwa kwa ndani kabla ya rimoti kuruhusu, maana yake kuna mtu amevunja kioo akaingiza mkono. Haijui kwamba kuna kijana anataka tu kushuka akajisaidie.

Ndivyo ilivyotokea usiku mmoja Katoro. Nilivuta kitasa nishuke, king'ora kikapasua mji. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na machimboni watu hawasubiri kuulizana jambo gani. Sijapata hata kauli, wanaume wanne wako mlangoni, mmoja ana rungu.

"Toka nje!"

"Mimi ni mlinzi wa hili gari, kaka zangu."

"Mlinzi gani hana ufunguo?"

Hebu nijibuje hapo? Magazeti yetu yana msemo wa "wananchi wenye hasira kali", na anayeandikwa kwenye habari hizo mara nyingi hayupo tena kujieleza. Aliyeniokoa ni mama ntilie aliyekuwa anafunga virago vyake ng'ambo ya barabara. Akapaza sauti: "Mwacheni huyo mwanangu! Kala kwangu jioni, ndiye yule anayeandikaandika." Rungu likashuka.

Asubuhi nilimwamkia Mjomba, nikamwomba asitumie tena rimoti nikiwa ndani. Akanitazama. "Kwa hiyo unataka nikuachie ufunguo?" Hapo nikaelewa kikwazo kiko wapi. Gari ni mtaji wake wote, nami ni mtoto wa watu. Nikamjibu, "Hapana Mjomba. Ufunguo nenda nao. Niachie kufunga tu."

Na kweli ufunguo hauhitajiki. Siku hizi anashuka bila kugusa rimoti. Mimi nahakikisha milango yote imebana na vioo vimepanda, kisha nabonyeza kitufe cha senta loki kwenye mlango wa dereva. Milango yote inajifunga, alamu haina habari. Kwa magari mengi hiyo inatosha. Akirudi anagonga kioo mara mbili, nachungulia, nafungua.

Lakini magari hayafanani. Kuna alamu zilizofungwa na mafundi baadaye ambazo hujitega zenyewe baada ya muda. Kama ya kwenu ni hivyo, mwombe fundi akuonyeshe swichi ya kuisimamisha, kwa kawaida hufichwa chini ya dashibodi. Kuna magari mengine, hasa ya Ulaya, ambayo yakifungwa kwa rimoti hata kitasa cha ndani hakifungui. Hiyo ni hatari, gari likishika moto utafanyaje? Jaribuni mchana, kioo kimeshushwa na mwenye ufunguo amesimama pembeni.

Halafu kuna jua. Jua la Shinyanga linageuza gari lililofungwa kuwa tanuri kwa dakika chache. Mchana mimi naegesha kivulini, nashusha vioo upana wa vidole viwili, mkono haupiti. Mtoto mdogo usimwache humo hata kidogo. Na usilale injini inaunguruma ndani ya gereji iliyofungwa, moshi wake una sumu isiyo na harufu.

Juzi Mjomba aligonga mara mbili, nikamfungulia. Nilidhani ataulizia mzigo. Akaniuliza, "Yule binti wa kwenye kitabu chako, kaolewa au bado?" Kumbe huwa anasoma nikisinzia!

Vijana wenzangu mnaotafuta pa kuandikia, msisubiri meza. Kama ni stoo, kama ni kibanda cha mlinzi, kama ni gari la bosi, kaa hapo uandike. Ila kabla hujafungua daftari, hakikisha unaweza kujifunga mwenyewe, na kujifungulia mwenyewe, bila mtaa mzima kuja na marungu.