Butembo: kompyuta inayokesha

Katika nyumba moja ya mtaa wa Furu, mjini Butembo, iliyopokea familia iliyohama kutoka upande wa Oicha, siku hizi kompyuta ndiyo inayokesha. Kijana wa nyumba ameiwekea programu ya barua pepe kanuni moja: barua ikitoka kwa binamu yake aliye Beni, na kichwa chake kina neno HATARI, mashine ipige king'ora. Barua nyingine zote ziingie kimya.

Sababu ni mama wa familia hiyo. Shamba lake la kakao limebaki kule, na chakula cha watoto kinatoka humo, basi kuna alfajiri anapanda pikipiki kurudi kuvuna. Habari ya usiku ikichelewa, inamkuta tayari njiani.

Mawazo hayo si mageni. Tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni mwezi wa kumi 2014, watu wamejifunza kuamshana kwa firimbi na sufuria. Halafu Ebola, 2018 hadi 2020, ikatuzoesha neno alerte kwa maana nyingine: simu moja juu ya mgonjwa, na timu inatoka.

Lakini firimbi haiombi umeme. Kompyuta ikizimika, au ikijilaza yenyewe, au mtandao ukikatika, hakuna kitakacholia. Tena programu nyingi haziangalii sanduku kila wakati. Nyingine hungoja dakika 10, mpaka mwenyewe abadilishe. Kijana ameweka dakika 1. Hata hivyo, aliye karibu na hatari apigiwe simu kwanza. Barua ni ya wale walio mbali, wenye muda wa kuahirisha safari.

Mama alikuwa na neno lake: «Mwanangu, ikilia ovyo, siku ya kweli tutajifunika blanketi.» Ndiyo maana kanuni ni finyu hivyo, mtumaji mmoja na neno moja, na binamu ameahidi kutoandika HATARI kwa uvumi wa sokoni.

Jumamosi jioni walifanya jaribio. King'ora kililia vizuri, sauti ikafika mpaka uani. Mtoto mdogo wa mama akaingia chini ya kitanda, akakataa kutoka mpaka ugali ulipoiva.

Kijana akabadilisha sauti usiku uleule. Sasa mashine inawika kama jogoo.