Majalada ya Bonde: Riwaya ya Upelelezi Ilivyojifunza Kurudi Nyuma

Riwaya za upelelezi za Kiswahili zilizosomwa katika miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa na desturi moja: kitabu kikiisha, kesi nayo imeisha. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tuliyekutana naye katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alivuta kiko chake, akawaza, akamtaja mwuaji. Faraj Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo mwaka 1965, na Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Leo mambo yamegeuka. Maiti ikipatikana ukurasa wa kwanza, msomaji anajua kwamba muda si mrefu atapelekwa kwenye maiti nyingine iliyozikwa miaka thelathini au arobaini iliyopita, na kwamba huko ndiko jibu liliko. Wapo wanaosema mtindo huu tumeuazima kwa Waskandinavia na Waingereza kupitia televisheni. Sikubaliani nao. Hata Bwana Msa, pamoja na kiko chake cha Sherlock Holmes, alikuwa akichimbua siri za nasaba na urithi za tangu zamani. Na kwa upande wa Kenya, kilichowalazimisha waandishi kurudi nyuma ni vifo vyenyewe, ambavyo baadhi yake vilivyo vizito zaidi vinaufuata ukanda wa Naivasha, Gilgil na Nakuru katika Bonde la Ufa.

Mwaka wa kugeukia ni 1975. Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini ambaye nchi nzima ilimwita JM, alitoweka Nairobi tarehe 2 Machi, na mwili wake ukaonwa na mchungaji wa mifugo kwenye vilima vya Ngong. Kabla mwili haujatambuliwa, Daily Nation lilikuwa limeandika kwamba yuko Zambia. Bunge liliunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale. Ripoti ikafika Bungeni mwezi Juni, majina mawili yakiwa yamekwisha kuondolewa, na waziri Masinde Muliro, aliyeiunga mkono, akapoteza kazi. JM alizikwa Gilgil, kwenye shamba lake. Miaka miwili baadaye Ngũgĩ wa Thiong'o akachapisha Petals of Blood. Wakurugenzi watatu wa kiwanda cha pombe wanateketea kwa moto huko Ilmorog, Inspekta Godfrey anawakamata washukiwa, na mmoja wao, mwalimu Munira, anaandika maelezo yake korokoroni akirudi nyuma miaka 12. Ndani ya maelezo hayo mna kesi ya zamani zaidi: Kimeria, mmoja wa waliokufa, ndiye aliyemsaliti kijana mmoja akanyongwa wakati wa Hali ya Hatari. Mna pia mwanasheria mbunge anayeuawa kwa namna ambayo msomaji wa 1977 hakuhitaji kuelezwa ni nani anayekumbukwa. Inspekta anampata aliyewasha moto na kazi yake inaishia hapo. Msomaji anabaki na kesi ya pili, ambayo hakuna kituo chochote cha polisi kilichowahi kuifungulia jalada.

Lakini kurudi nyuma peke yake hakutoshi, na hapa ndipo penye hoja yangu. Kila kifo kina yaliyopita zaidi ya moja, na anayechagua yapi yafunguliwe ndiye anayeamua hukumu. Hakuna kesi inayolionyesha hili waziwazi kama ya Padre John Anthony Kaiser, Mmarekani wa shirika la Mill Hill aliyefika Kenya mwaka 1964. Tarehe 24 Agosti 2000 alikutwa amekufa Morendat, kando ya barabara ya Naivasha kwenda Nakuru, kichwa kimepigwa risasi na bunduki yake iko karibu. Wapelelezi wa FBI waliitwa kusaidia, na mwaka 2001 wakatoa ripoti kwamba alijiua. Ripoti hiyo haikuogopa yaliyopita hata kidogo. Iliyarudia maradhi ya akili aliyokuwa ametibiwa padre miaka ya nyuma, ikajenga juu yake. Hayo yalikuwa yaliyopita ya mtu mmoja. Maaskofu na wanasheria walidai yafunguliwe yaliyopita ya mahali: watu waliofurushwa Enoosupukia mwaka 1993, maelfu yao waliojazana kambini Maela alikohudumu padre, alfajiri ya kabla ya Krismasi ya 1994 ambapo askari waliwapakia kwenye malori na kambi ikabomolewa, na ushahidi alioutoa padre mbele ya Tume ya Akiwumi, iliyochunguza mapigano ya kikabila, mwaka 1999 akiwataja mawaziri. Uchunguzi wa mahakama ulianza mwaka 2003, na mwezi Agosti 2007 hakimu Maureen Odero akaamua kwamba Kaiser aliuawa na watu wengine, akaagiza upelelezi uendelee. Mwili ulikuwa uleule na bunduki ileile. Kilichobadilika ni jalada la zamani lililowekwa kando yake mezani.

Mtu anaweza kunijibu kwamba Bonde hili lina mkasa mwingine uliorudiwa sana bila faida yoyote. Ni kweli. Lord Erroll, aliyewahi kuishi Oserian kando ya Ziwa Naivasha, alipigwa risasi Nairobi mwezi Januari 1941. Sir Jock Delves Broughton akashtakiwa, kisha akaachiliwa baada ya wakili Harry Morris kuonyesha kwamba risasi zilikuwa na alama za mifuo mitano iliyopinda kulia, ilhali bastola ya Colt, kama ya Broughton, huwa na mifuo sita inayopinda kushoto. James Fox aliandika White Mischief mwaka 1982, filamu ikafuata mwaka 1987, na vitabu havijaacha kutoka. Karibu vyote hurudi kwenye mambo yaleyale, yaani wapenzi, karamu na bastola. Ni nadra kukuta ukurasa unaouliza ardhi yenye nyumba hizo ilipatikanaje, ingawa mkataba wa 1904 uliowaondoa Wamaasai kutoka eneo la Naivasha na Nakuru ulikuwa na umri wa miaka 36 tu risasi zilipolia. Pingamizi hili kwangu ni ushahidi zaidi. Wanaorudi nyuma kutafuta burudani huipata, na wanaiacha kesi kubwa kama walivyoikuta.

Pingamizi linaloniumiza kichwa ni jingine. Tom Cholmondeley alipompiga risasi Samson ole Sisina, askari wa wanyamapori, katika shamba la Soysambu mwaka 2005, Mwanasheria Mkuu Amos Wako aliiondoa kesi mahakamani. Mwaka uliofuata akafa Robert Njoya katika shamba hilohilo, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikamtia Cholmondeley hatiani kwa kuua bila kukusudia, kifungo cha miezi minane. Wengi hawakuweza kuisimulia kesi hiyo bila kuanza na Lord Delamere, mlowezi aliyekuwa baba wa babu yake. Je, si hatari kumhukumu mtu kwa ya mababu? Ni hatari kubwa, na Nakuru inaijua kuliko mahali pengi: mwaka 1992 na mwaka 2008 watu waliuawa kwa sababu ya kile walichodaiwa kuchukua jamaa zao. Kwa hiyo mwandishi anayeunganisha kesi mbili ana wajibu ambao Bwana Msa hakuwa nao. Lazima kesi ya zamani iwe na watendaji wenye majina, amri, sahihi na tarehe, isiwe na kabila wala ukoo kama mtuhumiwa. Peter Kimani katika Dance of the Jakaranda (2017), iliyowekwa Nakuru mwaka 1963, anaonyesha vizuri jinsi tuhuma iliyomwandama babu tangu siku za ujenzi wa reli inavyomfikia mjukuu asiyeijua. Yvonne Adhiambo Owuor katika Dust (2014) anaanza na kijana anayeuawa Nairobi wakati wa uchaguzi wa 2007, na familia inalazimika kuyafukua ya miongo iliyopita.

Zote hizo ni riwaya za Kiingereza, na hili ni pengo la kuudhi katika lugha iliyokuwa na Bwana Msa kabla ya Uhuru. Kesi ya Kaiser haijamfikisha mtu yeyote kizimbani, na inasubiri mwandishi wa Kiswahili. Atakayeiandika ataamua sura ya kwanza ianzie wapi. Akianzia Morendat, atakuwa ameanza mahali walipoanzia FBI, na bunduki itamwongoza. Mimi ningeanzia Maela alfajiri ile ya Desemba, kwa dereva wa lori, kwa sababu yeye alipewa amri na mtu, na mtu huyo naye alipewa na mwingine.