Subira ya Mtu ni Watu: Waraka kwa Mpwa Wangu

Mji wa Kale, Mombasa
Ramadhani, Mei 2020

Mpwa wangu mpenzi,

Nakuarifu kwamba sisi sote huku tu wazima, alhamdulillahi, na kwamba ujumbe wako nimeusoma na kuurudia, hasa pale uliponena kuwa huli vyema, hulali, wala hutaki kumwambia mtu, kwa kuwa mwanamume hustahimili.

Tangu kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini tarehe 13 Machi, na siku mbili baadaye Rais akaamuru shule na vyuo vifungwe, wewe na wanafunzi wenzako mmekuwa mkisomea katika simu, kila mmoja chumbani mwake. Na njia za Nairobi zilipofungwa tarehe 6 Aprili, kisha za Mombasa, Kilifi na Kwale, wewe uliyebaki huko Nairobi ukidhani ungengoja mwezi mmoja tu ukajikuta huna pa kupita kurudi kwenu. Mtihani huu ni mzito, wala siudogoshi. Lakini subira ulivyoifahamu, sikuafiki hata kidogo, kwani mficha maradhi kifo humuumbua.

Kila aliyevuka dhiki, ukimchunguza, utaona alikuwa na watu wa namna tatu: wa kumsikiliza, wa kumwelekeza, na wa kumfaa kwa kitu. Hapa mtaani, tangu tarehe 6 Mei hatoki mtu wala haingii, misikiti imefungwa na tarawehe twaisali majumbani. Hata hivyo, kila jioni kabla ya adhana ya magharibi, jirani wa chini hutuwekea ngazini sahani ya kaimati na birika la uji wa pilipili manga, akabisha hodi, akarudi nyuma, akatujulia hali barakoa ikiwa usoni. Na mkaza mjomba wako hairudishi sahani ile tupu. Uji huo haukuyaondoa maradhi, bali umetuondolea khofu ya kusahauliwa.

Basi nakuusia: kila kafyu inapoingia saa moja jioni, zungumza na rafiki unayemwamini, umsikie naye akusikie. Mwarifu mwalimu wako kwamba bando hukuishia kati ya somo, maana asiyejua hawezi kukusaidia. Usingizi ukiendelea kukupaa, mpigie mshauri wa wanafunzi wa chuo chenu bila kuona haya, kama umwendeavyo tabibu kwa homa. Nawe usiwe mpokeaji tu. Mtafute yule mwenzenu aliyekuwa msemaji darasani na sasa hasikiki, umuulize amekula nini, kwani anayemwinua mwenziwe hupata nguvu asizojua kuwa anazo.

Fedha za chakula na bando nimekutumia leo kwa M-Pesa. Usinishukuru, nipigie usiku huu baada ya tarawehe, unieleze ukweli wote.

Wasalaam,
Mjomba wako