Malmö, mji ambamo binti zetu wanasomea mambo ya bahari

Mtu akitoka Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, akitaka kufika Malmö katika nchi ya Sweden, anapanda treni na kuvuka bahari. Kwanza treni inapita chini ya maji, ndani ya tuneli. Halafu inatokea kwenye kisiwa ambacho watu walikijenga wenyewe, na kutoka hapo inapanda daraja la Öresund, lenye urefu wa karibu kilomita 8. Lilifunguliwa mwaka 2000. Sisi tuliozoea kungoja boti ya Bukavu kwenda Goma huku tumekalia mizigo yetu, tunafika ng'ambo hata hatujamaliza kushangaa.

Nilikwenda huko Novemba 2024, nikitoka kwenye mkutano wa wamama Copenhagen, ili nimwone mtoto wa dada yangu. Alikuwa ameanza masomo mwezi wa Septemba katika Chuo Kikuu cha Bahari cha Dunia, ambacho wote wanakiita kwa herufi tatu, WMU. Wamama wengi wameniuliza ni masomo gani hayo, na mtoto wa Kivu anatafuta nini baharini. Basi nieleze nilivyoona.

Malmö ni mji tambarare, hauna kilima hata kimoja cha kumchosha mtu wa Bukavu, lakini upepo wake haupumziki. Mwezi wa Novemba, saa kumi ya jioni kumeshakuwa giza. Watu wanaendesha baiskeli katika giza hilo, na mama anabeba watoto wawili mbele katika sanduku la baiskeli kana kwamba ni jua la saa nne asubuhi. Zamani mji huu uliishi kwa kuunda meli. Kiwanda cha Kockums kilikuwa na winchi ya kuinulia vyuma yenye urefu wa mita 138, ambayo watu waliiona kutoka mbali sana. Kazi ilipokwisha, winchi ile iliuzwa kwa Wakorea kwa dola 1, na mwaka 2002 ikafunguliwa ikapelekwa kwao. Wazee wa Malmö wanaihesabu siku hiyo kama msiba. Mahali pa kiwanda sasa pana nyumba nzuri za kuishi, na jengo refu lililojipinda kama nguo inayokamuliwa, linaloitwa Turning Torso.

Kilichonifurahisha mimi zaidi ni soko la Möllevången. Pale kuna mboga, vitunguu na wachuuzi wanaoita wateja kwa sauti, karibu kama kwetu. Katikati ya uwanja kuna sanamu ya watu, wanaume kwa wanawake, waliobeba jiwe zito sana kwa pamoja. Nilisimama mbele yake nikawakumbuka wamama wanaobeba magunia ya makala kutoka botini.

Chuo chenyewe kiko karibu na stesheni ya treni, kwenye maji, katika nyumba ya kale ya mkuu wa bandari yenye mnara, iliyoongezewa jengo jipya pembeni. WMU wamo humo tangu 2015. Lakini chuo kilianzishwa mwaka 1983 na IMO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa meli, lenye makao yake London. Sababu ilikuwa wazi: nchi nyingi zilikuwa na bandari na meli, ila hazikuwa na watu wa kutosha wenye elimu ya kuzisimamia. Tangu wakati ule zaidi ya watu 5,000 wamepata shahada pale.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hakuna anayefundishwa kushika usukani. Anayefika pale ameshakuwa kapteni, au injinia, au mwanasheria, au mfanyakazi wa bandari au wa wizara. Kwa miezi 14 anasomea masta: sheria za bahari, usalama wa meli, uendeshaji wa bandari, biashara ya meli, ulinzi wa maji na samaki. Ukifikiri kidogo, mambo hayo yako jikoni mwako. Kongo yetu ina pwani fupi sana, karibu kilomita 40 tu kule Muanda, pamoja na bandari za Banana, Boma na Matadi. Sisi wa mashariki bidhaa zetu nyingi zinashukia Dar es Salaam au Mombasa. Kontena ikilala bandarini siku nyingi, malipo yanaongezeka, na ni wewe mama unayeyalipa siku unaponunua chumvi, mafuta na kitenge.

Wanawake je? Katika meli zenyewe bado ni wachache mno. Ripoti ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba kati ya mabaharia wote wa meli za biashara duniani, wanawake walikuwa 1.2 kwa mia. Ofisini na vyuoni hali ni bora. Kuanzia 2015 hadi 2023 mkuu wa WMU alikuwa mwanamke, Cleopatra Doumbia-Henry, mzaliwa wa Dominica, kisiwa kidogo cha Karibi. Kabla ya hapo, katika Shirika la Kazi Duniani, aliongoza kazi ya kuandaa mkataba wa 2006 unaolinda haki za mabaharia: mshahara, chakula, saa za kupumzika, kurudishwa nyumbani. Na huku Afrika ya mashariki na kusini kuna umoja wa wanawake wa kazi za bahari, WOMESA, uliozinduliwa Mombasa mwaka 2007.

Sitaki kuficha bei yake. Mtoto wa dada yangu aliacha nyumbani binti wa miaka miwili, anayelelewa na nyanya yake. Kila jioni anapiga simu yenye picha. Siku nyingine mtoto anacheka, siku nyingine anakataa kabisa kuangalia simu, anamgeuzia mgongo. Nilikuwepo siku moja ya kukataa. Alizima simu, akapika bugali ya unga wa muhogo tulioukuta dukani, tukala bila kusema mengi. Baadaye aliniambia, «Mama mkubwa, mume wangu alikubali upesi. Waliokataa ni wanawake wa kanisani kwetu.» Hilo niliona nilete mbele yenu kama lilivyo.

Alikuwa na majuma machache tu Sweden wakati boti iliyotoka Minova ilipozama mbele ya Kituku, tarehe 3 Oktoba 2024. Mnajua habari hiyo kuliko mimi. Barabara ya Sake ilikuwa imefungwa na vita, watu wote wakawa wanapita majini, na siku ile makumi ya watu walikufa karibu kabisa na bandari, wenzao wakiwaona kutoka ufukweni. Wengi walikuwa na bidhaa za soko. Alinieleza kwamba alikaa darasani juma zima bila kusikia kitu, kisha akaamua kwamba andiko lake la mwisho litakuwa juu ya upakiaji wa boti ndogo za ziwani.

Jumamosi tulikwenda Stockholm, zaidi ya saa nne kwa treni, kwa sababu alitaka nione meli moja inayoitwa Vasa. Mfalme wa Sweden aliiagiza kwa ajili ya vita, ikajazwa mizinga 64. Kabla ya safari, watu 30 waliambiwa wakimbie kutoka upande mmoja wa meli hadi mwingine, ili ionekane kama imetulia. Ikayumba vibaya mpaka wakasimamishwa. Hata hivyo, mfalme alikuwa na haraka. Tarehe 10 Agosti 1628 iliondoka, ikaenda karibu mita 1,300 tu, upepo mdogo ukailaza, maji yakaingia kwa madirisha ya mizinga. Ndani mlikuwamo pia wake na watoto wa mabaharia, na mji mzima ulikuwa pwani unatazama. Iliinuliwa kutoka chini ya maji mwaka 1961, na leo imesimama nzima ndani ya nyumba ya makumbusho.

Mbele ya meli hiyo alinifundisha kwa lugha ya mizigo. Mama anayebeba beseni kichwani, uzito ukiwa juu, jiwe dogo linamwangusha. Akibeba uzito uleule chini, mkononi, hatikisiki. Boti ni vilevile: magunia yakiwa chini tumboni, inatulia, yakipangwa juu ya paa na watu juu yake, inatafuta sababu ya kupinduka, na sababu inakuja pale abiria wote wanapohamia upande mmoja kuangalia nchi kavu. Ndiyo maana meli kubwa zina alama iliyochorwa ubavuni. Maji yakifika kwenye alama, mzigo basi. Uingereza iliweka alama hiyo katika sheria mwaka 1876, baada ya mbunge Samuel Plimsoll kuwapigania mabaharia. Tena alama ya maji matamu, kama ya ziwa letu, iko juu zaidi ya ile ya bahari, kwa sababu maji ya chumvi yanabeba vizuri zaidi.

Mikataba mikubwa inayosomwa Malmö iliandikiwa meli zinazokwenda baharini kutoka nchi hadi nchi. Boti ya Minova haimo. Kwake kuna sheria ya nchi tu, na mtu anayepaswa kusimama bandarini na kusema hapana. Mtoto wetu anataka kuwa mtu huyo, au kumfundisha.

Kwa mwenye binti anayependa njia hii: anahitaji shahada ya kwanza au cheti kikubwa cha ubaharia, na miaka ya kazi. Asitafute akiwa na diploma ya sekondari peke yake. Wengi wanalipiwa na wafadhili, kama Nippon Foundation ya Japani, na mara nyingi wanapelekwa na ofisi wanakofanya kazi, kwa hiyo aanze kwa kuuliza mkubwa wake wa kazi. Masomo ni kwa Kiingereza. Kifaransa chetu hakitoshi pale, ingawa kuna kozi ya kuimarisha Kiingereza kabla ya mwaka kuanza. Huyu wetu alijifunza miaka mitatu usiku, kwa redio na kwa jirani Mganda, mtoto akiwa mgongoni.