Paka wangu, mbwa wa jirani na tatizo la kufuli

Leo naziweka kando habari za kompyuta, ingawa mkivumilia kidogo mtaona sikwenda mbali nazo. Nataka kuzungumzia paka wangu, Pili, na mbwa wa jirani aitwaye Simba.

Anayekaa Mji wa Kale huenda akashangaa tatizo hili limetoka wapi. Kule paka ni wa mtaa mzima: analala barazani kwa huyu, anakula vichwa vya samaki kwa yule, na mbwa ni nadra kumwona vichochoroni. Huku Kizingo ni kisiwa kile kile, lakini maisha ni mengine. Nyumba nyingi zina ua mpana, ukuta, geti na mlinzi, na nyuma ya kuta hizo wako mbwa. Simba ni mmoja wao. Mchana hufungiwa bandani, jioni hufunguliwa alinde. Pili naye hajui mpaka wa kiwanja. Kwake ukuta ni barabara tu, na ua wa jirani una panya wengi kuliko wetu.

Mbwa mkubwa akimdaka paka hahitaji muda. Humtikisa mara mbili tatu, basi. Hata akimwachia, vidonda vya nje vinaweza kuwa vidogo huku ndani kumeharibika, ndiyo maana paka aliyeng'atwa hupelekwa kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, hata kama anatembea.

Rafiki zangu wakisikia hivi huuliza: wewe mtu wa teknolojia, si umvalishe kifaa? Haya, tuviangalie vifaa. Kuna chipu ndogo kama punje ya mchele inayodungwa chini ya ngozi. Wengi hudhani inaonyesha paka alipo. La. Haina betri, na inachohifadhi ni namba tu, kwa kawaida ya tarakimu 15, ambayo husomwa na mashine iliyosogezwa karibu kabisa. Inafaa paka akipotea na kuokotwa. Kifaa cha GPS kinaonyesha alipo, lakini kinataka betri, mtandao wa simu, na kola. Kola yenyewe lazima iwe ya kufunguka ikivutwa, la sivyo paka anaweza kunyongeka kwenye tawi. Na hata vyote vikifanya kazi, simu itanionyesha Pili yuko kwa jirani. Haimwambii Simba asubiri.

Hapo nikakumbuka tatizo la zamani la fani yetu. Fikiria mume na mke wenye akaunti moja ya benki yenye shilingi 1,000. Kila mmoja amesimama kwenye mashine yake, na kila mmoja anatoa 800 sekunde ile ile. Mashine zote mbili zikisoma salio kabla ya yoyote kulipunguza, benki imelia. Mwaka 1965 Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta kutoka Uholanzi, alichapisha suluhisho la tatizo la namna hii: jinsi ya kuhakikisha kwamba programu kadhaa zinazokwenda pamoja haziingii sehemu nyeti kwa wakati mmoja. Akiwemo mmoja, mwingine angoje. Ni kama mlango wenye kufuli moja na ufunguo mmoja.

Ninachokipenda katika wazo hilo ni kwamba halidai programu zipendane. Watu wengi huhangaika kuwazoesha paka na mbwa wawe marafiki. Kwa wanyama wa nyumba moja inawezekana, pole pole. Lakini Simba si wangu, na kazi yake ni kumfukuza kila anayeruka ukuta. Nikamwacha na kazi yake. Nilichohitaji ni wasikutane.

Saa ya hatari ni moja. Paka huchangamka zaidi alfajiri na jioni, na jioni ndipo mbwa wa ulinzi wanafunguliwa. Nikaenda kwa mlinzi wa jirani, maana mwenye ufunguo ni yeye.

"Shikamoo mzee. Simba hufunguliwa saa ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Saa kumi na mbili. Nikiwahi kufika, hata saa kumi na moja na nusu."

Ugonjwa ulikuwa hapo kwenye "nikiwahi". Nikamwomba angoje adhana ya magharibi. Akakubali, ila naye akanipa sharti: paka wangu asile tena chakula cha Simba. Ni haki yake. Kisha nikazungumza na mwenye nyumba, naye akacheka: "Huyu mbwa nimemweka kwa ajili ya wezi, si paka."

Kwa upande wangu, Pili hupewa chakula saa kumi na moja na nusu, ndani, na mlango unafungwa mpaka asubuhi Simba arudishwe bandani. Mchana hapewi chochote, kwa hiyo jioni huja mwenyewe. Tumbo ni saa nzuri.

Mombasa inatusaidia katika hili. Tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na mwaka mzima jua hutua kati ya saa kumi na mbili hivi na saa kumi na mbili na dakika 40 hivi. London jua hutua kabla ya saa kumi jioni mwezi wa Desemba, na baada ya saa tatu usiku mwezi wa Juni. Mwenzetu wa kule ratiba yake ingembidi kuibadilisha kila mara. Yangu niliipanga mara moja.

Lakini programu nzuri huandikwa kwa kudhani kwamba iko siku mkataba utavunjwa. Pili alikuwa na mwembe wa kukimbilia, na mwembe pekee hautoshi. Kucha za paka zimepinda kwa nyuma: kupanda ni rahisi, kushuka ni kinyumenyume na taratibu. Mbwa akikaa chini, huyu hashuki, yule haondoki. Sisi tungesema programu zimekwama zikingojeana. Dawa yake ni kwamba njia ya kukimbilia iwe na mlango wa pili. Nikapigilia ubao kutoka tawini hadi paa la banda letu la gari.

Jambo moja halina mjadala, nalo ni chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa paka na mbwa pia. Kenya ina mkakati wa miaka 2014 hadi 2030 wa kukomesha vifo vya watu kwa ugonjwa huu. Ukijaribu kuwaachanisha wanyama ukang'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali bila kungoja dalili. Dalili zikianza, karibu hakuna anayepona.

Mwezi wa tatu wa mkataba wetu, mzee alikuwa likizo. Mlinzi wa zamu hakuambiwa, akamfungua Simba mapema. Nilisikia kubweka, nikatoka mbio, nikamkuta Pili juu ya banda la gari, manyoya yamemsimama, mzima. Simba alikuwa bado anaubwekea mwembe mtupu.

Mzee aliporudi nikamweleza. Hakusema mengi. Alichukua kipande cha boksi na makaa, akaandika, akakitundika kwenye mlango wa banda la mbwa: MAGHARIBI KWANZA. Tangu hapo kila anayeshika zamu anakisoma.